Cheni iliyokuwa ikiruka mlimani: jinsi nilivyotatua

Kila nikikanyaga pedali ya baiskeli yangu kwa nguvu mlimani, cheni inaruka kwa kishindo, tena kwenye zile gia ninazozitumia sana tu. Nilikaza waya wa gia, wapi! Nikachukua rula: kutoka pini moja hadi ya 24 baada yake, cheni mpya huwa milimita 304.8. Yangu ilifika 308, yaani imelika na kurefuka.

Nikafunga cheni mpya, ikaruka zaidi. Meno ya gia za nyuma yalikuwa yamelika, yamechongoka upande mmoja. Nikabadilisha seti nzima, kelele kwisha.

Ukinunua, hesabu kwanza gia za nyuma: cheni ya gia 9 haifai kwenye 11. Na usihadaiwe na bei; seti ghali mara nyingi ni nyepesi tu, ya chuma hudumu kuliko ya alumini.