Kinyama kilichotupwa

Kilianza kama doa gumu juu ya bega la kushoto, pale unapokaa mkanda wa begi langu la madaftari. Rangi yake kama zabibu inayoanza kuiva. Hakikuuma, nami nikakiacha miaka minne. Nafundisha shule ya msingi hapa Kibaigwa, na kila aliyekiona alikuwa na jina lake: jipu lisiloiva, kovu lililojaa, mafuta tu hayo, mwalimu.

Mwaka 2019 nikaenda kukiondoa. Ganzi, kisu, nyuzi nne, nikawa nje. Niliona kwa macho yangu kile kinyama kikitumbukizwa kwenye ndoo ya taka pamoja na pamba. Sikuuliza. Nilishukuru, nikapanda bodaboda. Mwaka mmoja na nusu baadaye, pembeni ya kovu vikaota vinundu vitatu. Wakakata tena, na ndoo ikawa ileile. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko kisu chenyewe.

Vilipoota mara ya tatu nilikwenda Dodoma mjini, nikiwa na mama. Daktari alivibonyeza, akavisukuma huku na huku juu ya msuli, kisha akauliza: "Majibu ya nyama ya kwanza yako wapi, mwalimu?" Nikakosa la kusema. Akakata kinyama kidogo, akakitia kwenye kichupa cha fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, akaandika jina langu mbele ya macho yangu. Baada ya wiki tatu karatasi ikarudi na neno nililolisoma kwa silabi kama mtoto wa darasa la kwanza: dematofibrosakoma protuberansi.

Ni saratani adimu, inaanzia kwenye ngozi na kukua polepole. Ni mara chache sana kusafiri hadi kwenye mapafu, lakini ina tabia ya kurudi palepale ilipokatwa, kwa sababu chini ya ngozi inayoonekana nzima imeshatambaza nyuzi ndani ya mafuta. Mama, ambaye amelima mtama maisha yake yote, akasema, "Kumbe ni ndago." Daktari akacheka, akasema hajawahi kusikia ikielezwa vizuri hivyo. Ukifyeka ndago juu juu, mvua ya kwanza tu imerudi.

Nilimuuliza kama ni begi langu, au damu ya ukoo. Akasema hapana: ndani ya chembe hai moja, vipande vya kromosomu (vifurushi vinavyobeba maelekezo ya chembe) ya 17 na ya 22 vimebadilishana mahali, na sikuzaliwa navyo wala sitawarithisha wanangu. Usiku huo nililala usingizi.

Siku ya upasuaji alipima sentimita 3 kutoka ukingoni, pande zote, akachora kwa kalamu, akakata mpaka kwenye utando unaofunika msuli na utando wenyewe akautoa. Kile kipande alikitia nyuzi mbili, fupi upande wa juu, ndefu upande wa nje, ili mtu wa maabara akikuta ugonjwa ukingoni ajue ni upande gani. Kidonda hakukifunga. "Nikipandikiza ngozi leo, halafu majibu yaje mabaya, nitakuwa nimeifukia ndago ya mama." Alinisimulia kwamba Marekani, kwa njia aliyoianzisha Frederic Mohs miaka ya 1930, wanakata tabaka kwa tabaka na kulitazama kila moja kwenye hadubini mgonjwa akiwa bado anasubiri. Mimi nilisubiri siku 11 chini ya bandeji.

Upande wa shingoni ulikuwa umeguswa. Akarudi kukata. Safari hii pande zote zikawa safi, ndipo akachuna ngozi ya paja na kulifunika bega. Paja liliuma kuliko bega, mtu asikudanganye.

Sasa narudi kukaguliwa kila miezi sita, kwani mara nyingi hurudi ndani ya miaka mitatu ya mwanzo.

Juzi mzazi wa mwanafunzi wangu alinionyesha uvimbe mgongoni, atakatwa Jumatatu. Nimemwandikia kwenye karatasi ya daftari maneno ya kusema kabla ya ganzi: "Naomba kinyama kipelekwe maabara, na majibu nipewe mkononi." Nitakwenda naye. Kipindi cha kwanza mwenzangu atanishikia.