Mwanga unaovuja kwenye kisanduku cha filamu

Ukiona mchirizi uleule pembeni mwa kila picha, usiilaumu lenzi. Badilisha kisanduku cha filamu, yaani sehemu ya nyuma ya kamera inayobeba filamu na inayobanduka. Mchirizi ukihama nacho, mchawi umempata.

Kamera yangu ya Hasselblad 500C/M hutumia kisanduku cha A12, picha 12 za sentimita 6 kwa 6 kwenye filamu ya 120. Kibati chake (bamba jembamba linalokinga filamu na mwanga) kikichomolewa, upenyo wake huzibwa na plastiki nyembamba iliyokunjwa, ikisukumwa na sponji. Sponji huoza kwa umri. Yangu niliigusa kwa kibano ikasagika, ikawa unga mweusi unaonata kama lami.

Nilifungua kibamba kinachofunika upenyo kwa bisibisi ya fundi saa (skrubu ni ndogo mno, ziweke kwenye kisosi), nikasafisha kwa spiriti na kijiti cha pamba. Hapa usiharakishe kabisa: chembe ikibaki, itatua kwenye filamu. Kisha sponji mpya, plastiki mpya, basi. Inaniuma sana kuona watu wanatupa visanduku vizima kwa ajili ya kipande hicho.

Kupima, weka filamu, chomoa kibati, acha kamera juani dakika chache ndipo upige. Yangu ilitoka safi. Na ukihifadhi kisanduku kitupu, kibati kikae nje, sponji isibanwe bure.