Nilipokiacha Kizibao Garini

Kizibao changu cha kuvulia kilikuwa na mifuko 14, na asubuhi ile yote ilikuwa imejaa: visanduku vinne vya inzi wa bandia (ndoano zilizofungwa uzi na manyoya zifanane na wadudu), vigurudumu vitano vya uzi, mafuta ya kumwelesha inzi, koleo, hata kipimajoto cha maji. Kwa saa nzima ya mwanzo nilibadilisha inzi mara sita na kufungua mafundo mawili. Mafundo hayo wavuvi huyasingizia upepo. Mara nyingi kosa ni la mkono: ukianza kutupa mbele kwa pupa, ncha ya fimbo huzama, sehemu ya juu ya mshipi hushuka chini ya ile ya chini, zikanasana.

Nikarudi garini, nikavua kizibao kabla sijavua hata samaki mmoja.

Chini ya kiti kulikuwa na fimbo ya tenkara, uvuvi wa mito ya milimani huko Japani. Haina rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi; mshipi unafungwa kwenye kiuzi kilichogundishwa nchani. Ikikunjwa ina nusu mita tu, vipande vimeingiana kama antena ya redio. Ikifunguliwa inafika mita 3.6. Kanuni ni moja: kuifungua anza na kipande chembamba, kuikunja anza na kinene. Vile vyembamba ndivyo rahisi kuvunjika.

Nilifunga mshipi wa fluorokaboni wenye urefu sawa na fimbo, kisha mita moja ya uzi mwembamba wa 5X, kipimo cha unene wa uzi. Uzi wa mwisho haufai kuwa mnene zaidi ya hapo, kwa sababu lazima kitu kikatike samaki akizidi nguvu, na afadhali uzi kuliko fimbo. Inzi nilichukua mmoja: ndoano namba 12, uzi mweusi, manyoya laini yaliyoinamia mbele, upande wa tundu la ndoano. Ukimvuta kidogo manyoya hujikunja, ukiachia hufunguka, kama mdudu anayepumua.

Kutupa kwake ni kwa kifundo cha mkono, kidole cha shahada kikiwa juu ya mpini. Nyuma unasimama fimbo ikikaribia kuwa wima, unangoja kidogo mshipi unyooke, mbele unasimama mapema. Inzi ndiye anayepaswa kugusa maji kwanza. Mshipi ukitangulia, umetumia nguvu nyingi mno.

Mbele yangu kulikuwa na jiwe. Nyuma yake maji yametulia, kati yangu na jiwe mkondo wa kasi. Kwa mshipi mzito wa rili, mkondo huo ungeukamata katikati na kumburuta inzi, na trauti, samaki niliyemfuata, hamgusi mdudu anayekimbia kuliko maji. Safari hii niliinua fimbo tu, mshipi wote ukawa hewani, inzi akakaa palepale hadi nikahesabu nne. Mshipi ukashtuka. Nikainua mkono.

Wawili nilishika hivyo. Wa tatu alikuwa mkubwa, akateremka na maji. Badala ya kumfuata ukingoni, nilisimama kama mti, fimbo ikalala ikimwelekea, mshipi ukawa mstari mmoja na fimbo. Fimbo iliyonyooka haina mpindo wa kupokea mshtuko. 5X ilikatika kwa sauti ndogo, tik, akaondoka na inzi wangu. Ningeilaza fimbo ubavuni, nikatembea naye hatua kumi, huenda ningemfikisha kwenye maji mafupi na kuudaka mshipi kwa mkono.

Wakati wa kukunja, kipande cha tatu kilikwama. Nilikuwa nimeilaza fimbo mchangani. Sikukizungusha, maana kuzungusha huweza kupasua kaboni ya fimbo. Nilikisukuma taratibu, kikiwa kimenyooka, kikakubali. Nyumbani nilifungua kifuniko cha kitako, nikavitoa vipande kimoja kimoja, nikavisuuza na kuvisimamisha ukutani vikauke hadi asubuhi.