Nyanya, Mpaka na Swali la Mtihani

Swali lenyewe lilikuwa fupi. Nchi fulani ilipunguza ushuru wa vitambaa vinavyotoka nje. Baada ya miaka miwili, viwanda vya nguo vya nchi hiyo vilikuwa na wafanyakazi wachache kuliko zamani. Kwa hiyo, anasema mwenye hoja, vitambaa vya nje ndivyo vilivyowanyang'anya watu kazi. Chini yake kuna majibu matano, nawe uchague lile ambalo, likiwa ni kweli, linaidhoofisha hoja hiyo kuliko mengine.

Tulilisoma Jumamosi, tarehe 3 mwezi wa nane 2019, barazani kwa mwenzetu mmoja, mtaa wa Himbi, hapa Goma, mji wa Kongo unaopakana na Rwanda. Tulikuwa kikundi cha kujiandaa kwa GMAT, mtihani unaotakiwa na vyuo vingi vya biashara vya nje. Siku zile sehemu yake ya lugha ilikuwa na maswali 36 kwa dakika 65, yaani dakika mbili kwa swali hazitimii. Mtihani ni wa Kiingereza na sisi tumesomeshwa kwa Kifaransa, basi kila swali lilisomwa kwa sauti, kisha likagombaniwa kwa Kiswahili. Sijui masomo mengine yaliyonipa furaha kama ile.

Mkubwa wetu alikuwa deklaranti wa forodha, yaani mtu wa kuandaa karatasi za mizigo inayovuka mpaka, kazi yake Grande Barrière, kituo kimoja cha mpaka wetu na Rwanda, nasi tulimwita Yaya, yaani ndugu mkubwa. Hakungoja hata majibu yasomwe.

"Hapana. Ushuru unapunguzwa kwenye karatasi, pale mpakani mtu analipa vilevile. Mimi niko pale kila siku."

"Yaya," nikamwambia, "hayo waliyotupa tuyaache yalivyo. Ushuru umepungua, tumekubali. Watu wametoka kazini, tumekubali. Tuulize tu kama la pili limeletwa na la kwanza."

Hakupenda. Na ninamwelewa, kwa sababu mji wetu unaishi kwa mpaka, na kila mtu ana ushahidi wake wa macho. Lakini ndivyo mabishano yetu ya biashara yanavyokufa: mmoja anataja bei, mwingine anaikataa bei, na ile hatua ya kutoka kwenye bei hadi kwenye lawama haiguswi na mtu.

Jibu lililowavuta wenzangu lilisema kwamba waliotoka viwandani walipata kazi nyingine zenye mshahara mzuri. Linafariji, lakini hoja haikusema kwamba watu wanalia njaa. Ilisema nani aliyewatoa. Jingine lilisema vitambaa vya nje vilikuwa rahisi kuliko vya ndani, nalo linamsaidia mwenye hoja badala ya kumpinga. Mimi nilishika lile lililosema kwamba katika miaka hiyohiyo viwanda vilinunua mashine mpya, na vikauza kitambaa kingi kuliko kabla ya ushuru kupungua. Mashine peke yake zingetosha kuleta shaka, maana ni sababu nyingine. Nguvu yenyewe iko kwenye mauzo. Kama vitambaa vya nje vingekuwa vimeteka soko, mauzo ya ndani yangeshuka, na hapa yamepanda. Jibu zuri la kudhoofisha linakuletea kitu ambacho kisingekuwepo kama mwenye hoja angekuwa amesema sawa.

"Lakini pengine ni ushindani wa nje uliowasukuma kununua hizo mashine," akasema dada mmoja aliyesomea uchumi.

Alisema kweli, na hoja ya mtihani bado ilikuwa inapumua. Jibu haliombwi kuiua. Likitupunguzia imani kwamba mambo ni hivyo, limefanya kazi yake.

Hapo mdogo wetu, mwanafunzi aliyekuwa anamaliza lisansi, shahada yake ya chuo kikuu, akasema swali hili ni la nyanya tupu.

Wote tulijua anasema nini. Mgonjwa wa kwanza wa Ebola mjini Goma alithibitishwa tarehe 14 mwezi wa saba, na siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Alhamisi, tarehe 1 mwezi wa nane, Rwanda ilifunga mpaka, kisha ikaufungua siku ileile. Nyanya ninazozijua mimi pale soko la Virunga nyingi zinatoka Rwanda, zinavuka Petite Barrière, kituo kingine cha mpakani, kichwani mwa wamama.

"Mpaka ulifungwa saa chache tu," akasema. "Leo Jumamosi nyanya bado ghali. Kwa hiyo ni wamama wa sokoni wanatunyonya."

Mama mwenye nyumba alikuwa mlangoni na beseni lake, anachambua nyanya za kuuza kesho.

"Mwanangu, unasema mimi?"

Kijana akainamisha kichwa. Mimi moyo uliniuma, kwa sababu mama huyu anaondoka usiku haujaisha vizuri ili mji ule mboga. Nikaona kumtetea kwa huruma hakutoshi. Nikamwomba radhi, nikamwuliza ananunua beseni kwa bei gani Gisenyi, mji wa Rwanda ng'ambo ya mpaka.

Akasema bei ya kununulia ilianza kupanda tangu katikati ya mwezi wa saba, kiangazi kimeshika na nyanya zimepungua mashambani. Sasa Yaya akaamka. Akaeleza kwamba tangu Ebola ifike, kila anayevuka ananawa mikono na kupimwa joto, mstari ni mrefu, na mbebaji haendi tena mara nyingi kwa siku kama zamani. Kwa hiyo kila beseni linamlipa zaidi. Mtu yule aliyekuwa anakataa habari za swali zima ndiye aliyetuletea sababu mbili kwa pumzi moja.

"Sababu ni nzuri," nikasema, "lakini ninayotafuta ni kama ile ya mauzo ya vitambaa. Mama, faida yako kwa beseni imepanda?"

"Imepungua."

"Kwenye mtihani tunapewa kwamba ni kweli," kijana akasema polepole, kwa heshima. "Hapa, Mama, anayesema ni muuzaji mwenyewe."

Nilifurahi alivyothubutu, maana hiyo ndiyo tofauti kubwa ya karatasi na soko. Mama hakukasirika. Aliingia ndani akarudi na daftari lake, bei ya kununua kwenye safu moja, ya kuuza kwenye safu nyingine. Kijana alilisoma ukurasa kwa ukurasa. Tangu katikati ya mwezi faida ilikuwa inapungua, isipokuwa siku moja.

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi nilipandisha," akasema Mama. "Zilibaki kidogo, na mpaka umefungwa. Ningejuaje kama kesho nitapata zingine?"

Kijana akafikiri, kisha akaipanga hoja yake upya: Alhamisi wamama walipandisha kwa hofu, na bei ya leo inatoka ng'ambo na kwenye mstari wa mpakani.

"Hiyo naikubali," akasema Mama, akachukua daftari lake. Yaya akasoma swali linalofuata, nalo lilikuwa la kuimarisha hoja.