Roboti ya bati haikukosa moto: nilivyoirudisha kutembea

Kila meza ya fundi redio niliyosimama pale Mwanjelwa, Mbeya, na roboti yangu ya bati ya kuchezea iliyogoma kutembea, jibu lilikuwa lile lile: "Mota imechoka hiyo, kaka. Itie volti sita, itaamka yenyewe." Mmoja alishashika chaja ya volti tisa, anatafuta pa kuigusisha. Nikaichukua roboti yangu nikaondoka. Mota ya volti 3 iliyokwama ukiipa volti 6 inavuta moto, yaani umeme, mara mbili, na joto lake linapanda mara nne. Vanishi ya waya wa amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka, inaungua upesi sana, na hapo ndipo itakuwa imechoka kweli.

Roboti hizi zilitengenezwa kwa wingi Japani miaka ya 1950 na 1960, enzi za Horikawa, Yonezawa, Nomura na wenzao. Ni bati lililochapwa rangi, likakunjwa, likashikizwa kwa vilimi badala ya skrubu. Yangu ni ya aina ya kifua chenye milango: inatembea, inasimama, milango inafunguka, bunduki mbili zinachomoza zikiwaka na kulia, milango inafunga, safari inaendelea. Kazi yote hiyo inafanywa na mota moja na betri kubwa mbili, zile zilizoandikwa R20. Ugonjwa wake ulikuwa hivi: ukiwasha, taa hafifu, mota inanguruma kidogo, miguu haisogei. Jua likipanda inajikongoja hatua chache. Asubuhi ya baridi ya mwezi wa sita hapa Mbeya, hata kunguruma hainguruma.

Mita ya umeme kwanza, bisibisi baadaye. Na usipime betri zikiwa zimekaa bure, kwa sababu hata betri iliyokwisha nguvu inaweza kusoma karibu volti 1.5 kama haina mzigo. Washa roboti ndipo upime. Yangu ilisoma 2.9 kwenye ncha za betri, lakini kwenye ncha za mota zinapoungwa waya nikakuta 1.7. Volti 1.2 zinapotea ndani ya kidude cha sentimita 28! Ukiipima njia yote kwa jumla hutajua zinapotelea wapi, kwa hiyo nilikwenda kipande kwa kipande: ncha moja ya mita kwenye betri, nyingine kwenye kibati kinachoigusa, 0.5. Kutoka kwenye kibati kwenda upande wa pili wa riveti yake, 0.4. Kupita swichi, 0.3. Kiungo kizima hakipaswi kula hata 0.05. Yule bwana wa chaja angeongeza moto, na moto wenyewe ungeishia kwenye riveti.

Chanzo ni betri zilizovuja zamani. Hapa pana ushauri mwingine unaonichosha, wa kupaka ndimu kila panapoonekana ukungu mweupe. Ndimu au siki ni dawa ya betri za alkali tu, zile za LR20, kwa sababu zinachovuja ni alkali. R20 za kawaida, ambazo ndizo zilizokaa humu miaka mingi, majimaji yake ni ya tindikali. Ukipaka ndimu juu ya tindikali unasaidia kula bati. Hizo zinataka magadi: kijiko kimoja cha chai kwenye nusu glasi ya maji ya uvuguvugu, upake kwa pamba ya kijiti, usimwage. Futa kwa pamba yenye maji matupu, kisha spiriti, halafu acha pakauke kabisa. Vibati vya kugusia betri nilivisugua kwa ufutio wa penseli. Msasa unaondoa ule mng'ao wa juu, na kutu inarudi kwa kasi zaidi.

Riveti ni habari nyingine, maana uchafu uko chini yake na hakuna kinachofika huko. Nilichomea kipande cha waya mwembamba kutoka kwenye kibati moja kwa moja hadi upande wa pili, riveti ikabaki kushikilia tu, moto haupiti tena pale. Tumia risasi ya kulehemu yenye utomvu ndani, siyo ile asidi ya mafundi wa ndoo na mabomba, na usikae na chuma cha moto zaidi ya sekunde mbili au tatu, la sivyo rangi ya upande wa nje inavimba. Swichi ilipona kwa spiriti na kuisukuma mbele na nyuma mara nyingi. Baada ya hapo mota ikapata 2.75 ikiwa kazini. Taa ikawaka vizuri kabisa. Miguu, bado.

Kufungua ni kazi ya subira. Kilimi kimoja cha bati kinavumilia kukunjwa mara chache tu kabla ya kukatika, kwa hiyo usifungue hata kimoja usichokihitaji. Bandika tepu juu ya rangi, ingiza ncha ya kisu cha mezani kilichonolewa bapa, nyanyua mpaka kilimi kipite kwenye tundu lake, basi. Usikinyooshe hadi mwisho eti kipendeze. Na kabla hujatoa gia yoyote, weka alama ya maka kwenye jino na kwenye gia inayokutana nalo. Roboti za milango zina gia yenye sehemu isiyo na meno, ndiyo inayoamua lini miguu isimame na lini milango ifunguke. Ukiikosea kwa meno mawili, itakuwa inafyatua bunduki huku milango imefungwa.

Mota yenyewe ilikuwa nzima. Amecha ina ncha tatu na komyuteta, ile pete ya shaba inayopokea moto, ya vipande vitatu, kwa hiyo unapima jozi tatu. Yangu ilisoma omu 1.1 kila jozi, sawasawa. Ukikuta jozi mbili ziko sawa na ya tatu ni mara mbili yake, tuseme 1.6, 1.6 na 3.2, koili moja imekatika. Mota ya namna hiyo huwaka ukiisukuma kwa kidole na hukwama ikisimama pale pabaya. Mara nyingi imekatika palepale waya unapochomewa kwenye kipande cha komyuteta, tone dogo la risasi linamaliza kazi. Mimi nilihitaji kusafisha tu: njiti ya kiberiti iliyochongwa, ikachovywa kwenye spiriti, nikaigusisha kwenye komyuteta mota ikizunguka mpaka shaba ikaonekana. Ule unga mweusi uliojaa kwenye nafasi kati ya vipande utoe kwa sindano. Unapitisha moto pasipotakiwa. Tone la mafuta ya cherehani kila upande wa shafti, kwa ncha ya sindano, na lisifike kwenye komyuteta hata kwa bahati mbaya. Ukilazimika kuchomoa amecha kwenye mota za zamani za namna hii, ziba pengo la sumaku kwa kipande cha chuma mpaka uirudishe, kwa sababu sumaku nyingi za enzi hizo hupungua nguvu zikiachwa wazi.

Mota ikiwa nje, bila kuvuta gia kubwa, ilikula ampea 0.25 na kulia kwa sauti nyororo. Nikairudisha ndani: tak, tak, tak, na roboti imesimama.

Hapo ndipo penyewe. Ile gia ndogo ya nailoni inayokaa kwenye shafti ya mota ilikuwa imepasuka, ufa mmoja kutoka kwenye tundu hadi kati ya meno mawili. Nailoni husinyaa kadiri miaka inavyopita, shafti ya chuma haisinyai, basi gia inajivuta mpaka inapasuka pale ilipo nyembamba kuliko kwingine. Ufa ukishatokea, nafasi kati ya yale meno mawili inapanuka, gia kubwa inaparamia badala ya kuingia, ndiyo ile tak tak. Na gia yenyewe inateleza kwenye shafti. Ungeipa volti sita ingeteleza kwa kasi zaidi tu.

Dawa ya mjini ni supaglu. Nikaipa nafasi yake, maana kila mtu ananiimbia. Kwenye gia hii ya nailoni haikudumu: ilishika wakati naishika mkononi, ikavumilia milango kufunguka, roboti ilipoanza kuvuta miguu ufa ukaachia na gundi ikabaki maganda kwenye shafti. Baadaye nikanunua gari bovu la mtoto, la Kichina, kwa ajili ya gia yake. Tundu lilikuwa lile lile, milimita 2, lakini ile ina meno 8 na ya zamani ina 10. Gia ya meno 8 ya saizi hii ina upana wa milimita 5, ya meno 10 ni milimita 6. Maana yake kila upande unapungukiwa nusu milimita, meno yanagusana kwa ncha tu, na roboti ikipanda hata ukingo wa mkeka yanarukana. Sanduku zima la gia mbovu nililochambua kwa mafundi halikuwa na ya meno 10.

Jibu lilikuwa kwenye eriali ya redio. Zile eriali za kuvuta ni mabomba membamba ya shaba yaliyopakwa mng'ao, kila moja likiingia ndani ya jingine, na fundi yeyote wa redio ana zilizovunjika chini ya meza. Nilipewa moja kwa bei ya soda. Kipande chenye upana wa milimita 5 kwa nje kina karibu 4.4 kwa ndani. Gia yangu ina urefu wa milimita 7, lakini ile kubwa inagusa katikati tu, kama milimita 3 hivi. Ncha zote mbili hazina kazi! Nikaivika gia kwenye msumari laini, msumari kwenye drili, ikawa inazunguka taratibu huku nimeshikilia tupa nyembamba kwenye ncha ya gia, mpaka meno ya milimita moja na nusu ya mwisho yakashuka hadi upana wa 4.5. Nikageuza, na upande wa pili hivyo hivyo. Kisha nikakata pete mbili kwenye bomba la eriali, nalo nimelichomeka kijiti ndani lisibonyee, kwa tupa ya pembetatu, nikilizungusha polepole. Pete ya 4.4 kwenye shingo ya 4.5 haiingii kwa hiari. Unabana ufa kwa vidole, unaanzisha pete, unaisukuma kwa taya za plaizi zilizofungwa tepu. Ikiingia, ufa hauonekani tena.

Wengi wangesimama hapo, na gia ingepasuka upya au kugoma kuingia. Ufa ukifungwa tundu nalo linabana, kwa hiyo nilipitisha biti ya drili ya milimita 2, kwa mkono, siyo kwa mashine, mpaka gia ikaingia kwenye shafti kwa kusukuma kwa kidole. Shafti nikaikwaruza kwa msasa namba 400, nikapaka gundi ya tyubu mbili kidogo upande wa mbali na mota, isije ikatiririka kwenye beringi. Maboksi yanasema inakauka kwa saa chache. Kwa baridi ya huku mwezi wa sita na wa saba, acha siku nzima, tena ndani ya nyumba.

Baridi hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa inailaza asubuhi. Grisi ya kiwandani imegeuka nta. Kuna walioniambia niiweke karibu na jiko la mkaa, nao wanasahau kwamba milango na bunduki ni plastiki inayojikunja kwa joto dogo tu. Nilitumia mafuta ya taa kwa mswaki wa zamani, jino kwa jino, bila kugusa plastiki wala bati lenye rangi, nikafuta, nikaweka grisi nyeupe nyepesi, saizi ya punje ya mchele kwa kila gia. Grisi ya magari usiitumie, kwa asubuhi za Njombe au Makete ni kama hujafanya kitu.

Balbu moja ilikuwa imeungua. Za volti 2.5 za tochi za zamani bado unazipata ukiuliza maduka ya vifaa yaliyokaa muda mrefu. Ukikosa, weka LED nyekundu na rezista ya omu 68, na ukiona haiwaki geuza miguu yake. Nyeupe usijisumbue, betri zikishuka kidogo inazima.

Sasa inatembea asubuhi na jioni, inakula ampea 0.4 na kupanda hadi 0.6 milango inapofunguka. Gharama yote haikufika elfu ishirini, ukiondoa mita niliyokuwa nayo. Betri natoa kila nikimaliza kuichezesha. Mlango wa kushoto bado unachelewa kufunga kwa sababu springi yake imelegea, na kuifikia ni lazima nifungue vilimi vya kifua ambavyo viwili vimeshaanza kuonyesha mstari wa kukatika. Unaweza kuchelewa tu.