Nyumba za sadaka za Ewelme: wakfu, matofali na chokaa

Kijiji cha Ewelme, Oxfordshire, kiko mteremkoni, na bila mteremko huo huwezi kuyaelewa majengo yake. Juu kabisa limekaa kanisa la Mtakatifu Maria. Chini yake, upande wa magharibi, kuna nyumba za sadaka, yaani makazi ya wazee maskini yanayoendeshwa kwa wakfu, zilizozunguka ua wa mraba, na chini zaidi iko shule. Kutoka mlango wa mnara wa kanisa, ngazi zenye paa zinateremka moja kwa moja hadi kwenye baraza la ua. Mzee aliyewajibika kusali kila siku aliweza kutoka chumbani mwake hadi kanisani bila kunyeshewa mvua hata tone.

Walioanzisha ni William de la Pole, Earl (mtukufu) wa Suffolk, na mkewe Alice Chaucer, mjukuu wa mshairi Geoffrey Chaucer. Kibali cha mfalme walikipata 1437. Wakfu ulikuwa wa wanaume maskini 13 na makasisi 2, mmoja akisimamia nyumba na mwingine akisomesha watoto. Sala zao zilikuwa za kumwombea mfalme na waanzilishi, hai au wafu. Sehemu yao ndani ya kanisa ilikuwa kikanisa cha Mtakatifu Yohana, upande wa kusini, na kaburi la Alice, aliyefariki 1475, limewekwa katikati ya kikanisa hicho na madhabahu kuu. Mama huyu alihakikisha kwamba wanaomwombea watakuwa hatua chache tu kutoka alipolala.

Kwa macho ya mjenzi, jambo kubwa ni chumba cha mtu mmoja. Hospitali za zamani zaidi, yaani nyumba za kuwahifadhi maskini na wagonjwa, zilikuwa ukumbi mmoja mrefu, vitanda vimepangwa kando ya kuta na madhabahu mwishoni. Ukumbi wa namna hiyo bado upo Higham Ferrers, Northamptonshire, uliojengwa na Askofu Mkuu Chichele miaka ya 1420. Ewelme waliachana nao. Kanuni zao zilitaka kila mzee awe na pahali pake penye meko na dohani, aweze kula, kunywa na kupumzika peke yake. Ndiyo maana ukiziangalia nyumba hizi kutoka nje, kitu cha kwanza kuhesabu ni dohani. Kila dohani ni mtu, na huyo mtu alipewa moto wake mwenyewe. Kwangu mimi hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko mapambo yote ya lango.

Matofali nayo yana historia. Miaka ya 1430 tofali lilikuwa kitu kigeni katika sehemu hiyo ya Uingereza, lakini ukoo wa de la Pole ulitokea Hull, mji wa bandari uliokuwa umekwisha kuyazoea. Kuzunguka ua, kuta ni fremu za mbao zilizojazwa matofali, na baraza linapita mbele ya milango yote.

Lakini majengo peke yake hayadumu karibu miaka 600. Kilichoidumisha Ewelme ni ardhi. Waanzilishi waliipa mashamba makubwa matatu: Marsh Gibbon huko Buckinghamshire, Conock huko Wiltshire na Ramridge huko Hampshire. Kodi za huko ndizo zilizolipa posho na paa. William aliuawa baharini 1450 akienda uhamishoni, na baadaye ukoo wake ukapoteza kila kitu, ila wakfu ulibaki kwa sababu mali yake ilikwisha tengwa na mali ya familia. Wasomaji wa pwani wanaojua misikiti na visima vya wakfu hawahitaji kuelezwa zaidi.

Matengenezo ya kidini ya karne ya 16 yaliua nyingi za nyumba hizi. Monasteri zilifungwa kati ya 1536 na 1540, na sheria ya 1547 ikafuta wakfu za kuombea wafu. Kisha 1597 ikaja sheria iliyomruhusu mtu kuanzisha nyumba ya maskini bila kibali maalumu cha mfalme, mradi aipe ardhi yenye pato la angalau pauni 10 kwa mwaka. Baada ya hapo matajiri wa kawaida wakaingia. Sir Baptist Hicks, mfanyabiashara wa vitambaa wa London, alijenga nyumba zake katika mji wa Chipping Campden 1612, safu ya mawe ya rangi ya asali kwa watu 12. Huko Moretonhampstead, Devon, kuna safu yenye tarehe ya 1637, nguzo na matao ya itale na paa la nyasi. Nyumba ya Lyddington, Rutland, ilikuwa kasri ya maaskofu wa Lincoln kabla ya Thomas Cecil kuigeuza mwaka 1600. Masharti yake yalikuwa makali: wanaume wawe wamepita miaka 30, wanawake 45, na asiwepo mwenye wazimu, ukoma wala kaswende.

Sasa uharibifu. Adui mkubwa wa nyumba hizi ni saruji. Ukuta wa zamani hauna tabaka la kuzuia unyevu. Maji yanapanda kutoka ardhini au yanaingia na mvua, kisha yanatoka kupitia chokaa iliyo kwenye maungio. Ukiziba maungio kwa saruji, maji yanalazimika kutokea kwenye tofali lenyewe. Yakiganda wakati wa baridi yanatanuka, na uso wa tofali unabanduka. Baada ya miaka kadhaa utaona kimiani cha saruji kimesimama na matofali yamerudi ndani. Mafundi wa Mji Mkongwe na Lamu wanalijua tatizo hili, ingawa kwao hakuna barafu: chumvi ndiyo inayobandua.

Dawa yake ni ya polepole. Saruji inatolewa kwa patasi na nyundo ndogo, si kwa grainda, kwani grainda hula kingo za tofali na jeraha hilo halirudi. Kina kiwe angalau mara mbili ya upana wa ungio: la milimita 10 lichimbwe 20 au zaidi. Safisha vumbi, lowesha, kisha kandamiza mchanganyiko wa chokaa 1 kwa mchanga mkali 3, bila kuupaka juu ya kingo. Ukianza kukaza, upige kwa brashi ngumu ili vinyweleo vifunguke. Funika kwa magunia yaliyoloweshwa kwa siku kadhaa, maana chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ya kaboni taratibu, na ikikauka haraka hugeuka unga. Joto likishuka chini ya nyuzi 5 za Selsiasi usifanye kazi. Ukianza mwishoni mwa Oktoba, umeitafutia baridi chakula.

Kabla ya hayo yote, kagua gata na usawa wa ardhi nje. Mara nyingi njia ya zege imeinuliwa hadi kugusa ukuta, na ndani kumemwagwa sakafu ya zege juu ya plastiki. Unyevu uliokuwa ukitokea sakafuni sasa unapanda ukutani. Meko yaliyozibwa yaachiwe tundu la hewa chini na kofia ya mvua juu, vinginevyo dohani linaoza ndani kwa ndani.

Mengi ya majengo haya yanalindwa kisheria, hivyo hata kubadilisha dirisha kunahitaji kibali, na kufanya bila kibali ni kosa la jinai. Bado watu wanaishi humo: zaidi ya taasisi 1,600 za nyumba za sadaka nchini Uingereza zina wakazi wapatao 36,000, wengi wao wakitoa mchango wa kila wiki badala ya kodi ya upangaji. Vyumba vya asili havitoshi tena bafu na jiko, na ngazi zake ni kali mno kwa mtu wa miaka 80. Njia iliyo bora ni kuunganisha nyumba mbili za jirani kwa kutoboa ukuta wa kati mahali pamoja tu, chumba cha kulala kikashuka chini, na milango yote miwili ya mbele ikabaki pale pale, mmoja ukiwa umefungwa kwa ndani.