Meno ya utoto "yatang'oka tu", sawa, ila lini?

Wazazi wenzangu wa Tabora hili naomba tuongee. Mtoto anacheka unaona meno ya juu mbele yamebaki vipisi vyeusi, ukimuuliza mama yake unaambiwa aah hayo si ya utoto, yatang'oka tu. Kweli yatang'oka, ila lini? Ya mbele yanaanza kwenye miaka 6 au 7 lakini magego ya utoto yanakaa mpaka miaka 10, mengine 12, sasa mtoto wa miaka 4 gego limetoboka unasema tusubiri, huyo unamsubirisha mpaka anakaribia kumaliza shule ya msingi, anatafunia upande mmoja na usiku hakuna anayelala humo ndani. Na usaha ukikaa kwenye mizizi unaweza kuliharibu jino la ukubwani linalojitengeneza hapo chini.

Alafu kuna hili linawapita wengi. Mtoto akifika kama miaka 6 anaota magego mapya manne nyuma kabisa ya yale ya utoto, na kwa vile hakuna jino lililong'oka kuyapisha, mzazi anajua nayo ni ya utoto. Hayo ndo ya kudumu! Likioza halina mbadala.

Asali nayo, najua mtanisema. Sisi huku ndo kwetu, na mimi asali ya miombo siiachi, ila bibi kumpaka mjukuu kwenye ufizi eti meno yaote vizuri hapana, asiyetimiza mwaka asipewe kabisa maana inaweza kuwa na vijidudu vya kumlegeza mwili mpaka kupumua ikawa shida, na aliyekwisha ota meno ni sukari tu kama sukari nyingine, bakteria wa mdomoni wanaigeuza tindikali inayokula jino. Chupa ya maziwa au uji wa sukari ambayo mtoto analala nayo ndo mbaya zaidi, usiku mate yanapungua hakuna cha kusafisha, na ndo maana ya juu mbele yanatangulia kuoza, ya chini yamekingwa na ulimi.

Mswaki unaanza jino la kwanza likitokeza, dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele, akifika miaka 3 unaongeza iwe kama punje ya njegere. Na umswakishe wewe mpaka miaka 7 au 8 jamani, mtoto wa miaka 4 ukimwachia anautafuna tu mswaki.

Kuhusu "meno ya plastiki", yale wanayosema ndo yanamharisha mtoto mchanga, sitazunguka: hayapo. Kile cheupe wanachokitoa kwa spoku kwenye ufizi wa mtoto mchanga ni jino lake la kawaida ambalo halijakomaa, na watoto wamekufa kwa damu na maambukizi. Anaharisha? Mpe ORS, endelea kumnyonyesha, wahi kituo cha afya.

Leo mwanao akiwa kwenye mwanga inua mdomo wake wa juu uangalie pale jino linapokutana na ufizi. Ukiona mstari mweupe usiong'aa, uozo ndo unaanza na bado unazuilika kwa mswaki, floraidi na kupunguza sukari, ukiwa umeshakuwa wa kahawia na kashimo mpeleke kwa daktari wa meno mapema, hata ya utoto yanazibwa, tunaambulia kung'oa tu kwa sababu tunaenda shavu limeshavimba.